Malalo ya ndama: shajara ya mradi wa kikundi chetu, Njombe, kipupwe cha 2024

4 Mei

Kikundi kimekubali. Kipupwe hiki ndama watalazwa kwa mpango. Kila mwaka ikifika Juni na Julai habari ni zile zile: ndama wa fulani kashikwa na kifua, wa fulani anahara na hanyanyuki, wa mwingine yu hai lakini amedumaa, manyoya yamesimama mwili mzima. Lawama huenda kwa maziwa, kwa mbegu ya dume, au kwa mtaalamu aliyechelewa kuja. Mahali anapolala ndama hapaulizwi, wakati ndipo anaposhinda: katika majuma yake ya kwanza ndama hulala kama saa 18 kati ya 24.

Ndama mchanga huanza kutumia nguvu za mwili kujipasha joto joto la hewa likishuka hadi kati ya nyuzi 15 na 10. Akivuka mwezi na akaanza kula vizuri huvumilia baridi kali zaidi, lakini mwezi huo wa kwanza ndio unaotumaliza. Sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni nyuzi 10 tunaziacha juu mapema tu. Ndama wa hapa anapewa lita mbili asubuhi na mbili jioni, maana maziwa yanayobaki ndiyo ada ya shule na sabuni. Katika hizo lita nne, kiasi kinaishia kwenye kujipasha joto. Mifupa na nyama hupata masalia. Mama mwenye ng'ombe mmoja huwezi kumwambia aongeze maziwa maradufu akakuelewa. Malalo, yaani matandiko anayolalia ndama, anaweza kuyaongeza kesho asubuhi.

Tunalinganisha aina nne. Vumbi la mbao, kwa kuwa viwanda vya mbao vimetuzunguka kila upande. Mabua ya mahindi yaliyokatwa kwa mashine. Mabaki ya maharage yaliyokwisha kupurwa, yakichanganywa na nyasi kavu. Na kichanja cha mbao kilichoinuliwa, bila kitu juu yake, kama tulivyofundishwa miaka yote. Kila kaya inashika aina iliyo karibu nayo. Mengine yote yafanane kadiri tunavyoweza: dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, ndani ya saa za mwanzo, iodini kwenye kitovu, kiasi kimoja cha maziwa, maji safi, na mchanganyiko mmoja wa pumba na mashudu ya alizeti.

Ndama ni wachache, mama zao ni chotara wa kila namna, na mabanda hayafanani. Hakuna atakayetuita watafiti, na hatudai.

18 Mei: vumbi la mbao

Vumbi ni bure, kirikuu, gari dogo la kulibeba, si bure. Mimi ndiye katibu wa kikundi, na kiwandani wananiambia, "Chukua tu Katibu, utusaidie kusafisha." Lundo liko nyuma ya msumeno na lina rangi mbili. La juu ni jeupe lenye umanjano, linanuka utomvu. La chini limekuwa kahawia, na ukilichimba kwa mkono linatoa mvuke. Hilo la chini tumeliacha hapo hapo.

Hata la juu halilaliwi siku hiyo hiyo. Paini mbichi ikipasuliwa, karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo vumbi lake linafika bandani likiwa tayari limeshiba. Mkojo litaunyonya na nini? Tunalianika kwenye turubai na kuligeuza kwa reki, mpaka ukilifumba kiganjani na kufumbua linasambaa lenyewe. Likibaki donge, bado.

Vumbi laini lenye unyevu pia hulea bakteria, wakiwemo Klebsiella wanaojulikana sana kwa kuleta ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe wanaolalia vumbi la mbao. Kwa ndama mlango ni kitovu ambacho hakijakauka. Tumekubaliana kwamba ndama aliyezaliwa leo haingii kwenye vumbi. Anaanzia kwenye nyasi kavu safi, anahamia kitovu kikishakauka na kunyauka. Ugonjwa wa kitovu ukishuka kwenye maungo ya miguu, ndama huyo hata akipona atachechemea, na mnunuzi ataona.

Jambo moja limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye daftari la kikundi: hakuna vumbi wala maranda kutoka mahali wanapokata nguzo au mbao zilizotiwa dawa. Huku kwetu nguzo za umeme na za uzio ni biashara kubwa, na dawa inayotumika sana ni ile ya shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu, na ndama hulamba kila kilicho mbele yake. Mbao iliyotiwa dawa hiyo ina ukijani, lakini vumbi lake likishachanganyika na jingine jicho halitofautishi. Dawa ya hapo ni kuuliza kabla ya kupakia. Kijana wa msumeno ukimuuliza anakuonyesha vizuri kabisa lundo lipi limetoka wapi. Usipomuuliza anakujazia gunia tu.

1 Juni: sakafu kwanza

Leo tumezunguka mabanda yote na ndoo ya maji. Unaimwaga katikati ya kizimba, unasimama unatazama.

Kwenye kaya mbili zenye zege maji yalisimama. Fundi alimwaga sakafu tambarare kama ya sebule, na mwenye nyumba akalipa kwa furaha kwa kuwa ilipendeza. Kwenye sakafu ya namna hiyo malalo ya aina yoyote yatakuwa uji ndani ya siku tatu. Tutakuwa tunapima zege huku tukiandika "mabua" kwenye daftari. Kilichoamuliwa ni kuchonga mfereji mwembamba upande wa nyuma na kuongeza tabaka la zege lenye mteremko wa sentimita tatu hadi nne kwa kila mita. Saruji imechangwa.

Kwenye sakafu za udongo mambo yalikuwa rahisi zaidi. Tumechimba kidogo, tukashindilia kokoto, juu yake tukapanga mabua mazima ya mahindi kwa kupishana. Bua zima lina ganda la nje linalong'aa ambalo halinyonyi maji, kwa hiyo mkojo unapita katikati na kushuka kwenye kokoto. Bua likishapita kwenye mashine, nyama yake nyeupe ya ndani inakuwa wazi, na hiyo inanyonya kweli. Chini mazima, juu yaliyokatwa. Wenye maharage nao tumewawekea mabua mazima chini.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi wetu tulikuwa tukiiona kila siku bila kuitia maanani. Ndama jike hukojolea nyuma yake. Dume hukojoa kutoka chini ya tumbo, kwa hiyo akiwa kizimbani analowesha pale pale katikati anapolala. Mzee wetu mmoja akasema: "Basi huyu anajikojolea kitandani, yule anakwenda chooni." Watoto walicheka hadi ndama akaruka. Hata hivyo kwenye daftari tumeongeza safu ya jinsia, maana vizimba vya madume vitahitaji kuondolewa malalo ya katikati kila asubuhi.

22 Juni: miguu inaonekana?

Tuna kipimo sasa, na hakihitaji fedha. Alfajiri, kabla ndama hajapewa maziwa na kabla hajasimama, unampiga picha kwa simu ukiwa ubavuni. Miguu yote ikionekana juu ya malalo, alama ni 1. Ikifunikwa nusu, 2. Isipoonekana, yaani amezama na kujifukia, 3. Kipimo hiki kilitumiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, katika utafiti uliochapishwa 2006 kuhusu ndama kwenye mabanda wakati wa baridi. Waliona kwamba ndama wenye malalo ya kuzamisha miguu walikuwa na magonjwa machache ya njia ya hewa. Malalo yakimzunguka, joto la mwili wake linabaki karibu naye, upepo unapita juu.

Picha za leo zimetumwa kwenye kundi la simu. Aliyelala kwenye vumbi la mbao, ambalo limejazwa vizuri, ni 1. Miguu ya mbele imekunjwa, inaonekana yote, na nyuma ya paja kuna doa la unyevu. Vumbi linamkatia ubaridi wa ardhi lakini halimfuniki; analalia, halali ndani. Wa mabua yaliyokatwa ni 2. Wa maharage na nyasi nilimtafuta kwenye picha: kuna lundo la rangi ya kahawia, masikio mawili, na pua. Mabua ya maharage ni membamba na yanapindapinda, yanashikana, na ndama akizunguka mara mbili tatu kabla ya kulala anajichimbia shimo la kipimo chake. Hiyo ni 3 bila mjadala.

Kipimo cha pili ni goti. Unapiga goti juu ya malalo, unahesabu pole pole hadi ishirini na tano, unainuka. Suruali ikiwa imelowa, ndama naye amelowa. Akina mama wametumia kipande cha kitambaa chini ya goti, inatosha. Kipimo cha tatu ni pua: chuchumaa kichwa chako kiwe pale kilipo kichwa cha ndama, vuta hewa. Mtu mzima akisimama mlangoni anasema banda halinuki. Akichuchumaa macho yanamwasha. Mkojo na mavi vikioza pamoja hutoa amonia, hewa kali inayowasha, na mapafu ya ndama yanaikuta ikiwa bado mbichi pale pale inapotoka.

Kuhusu unyevu kuna jaribio la Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, lililochapishwa 2012. Ndama walipewa vumbi la mbao la viwango tofauti vya ulowevu. Kadiri lilivyokuwa kavu ndivyo walivyolipenda, na zege tupu walilikwepa. Ndama anajua. Ukimwona amesimama muda mrefu usiku wakati wenzake wamelala, usiseme ana tabia ya kusimama.

7 Julai

Saba Saba, na baridi kali. Kipimajoto tulichotundika kwenye nguzo ya banda kimesoma nyuzi 5 alfajiri. Watu wa Makete wangetucheka. Kule kwao Kitulo umande ulioganda ni jambo la kawaida msimu huu, na mitamba ya shamba la serikali inakulia huko huko. Lakini sisi hatuna nafasi wala nyasi za Kitulo.

Leo mazungumzo yote yalikuwa juu ya kichanja. Mwenye nacho ni mzee aliyeanza ng'ombe wa maziwa kabla ya wengi wetu, na ndama wake ndiye aliyekuwa anatetemeka.

"Kamwene, mzee wangu."

"Kamwene. Umekuja kunivunjia kichanja?"

"Hapana mzee, nimekuja kukitazama."

"Kitazame. Hicho nilifundishwa na bwana shamba, na hakijawahi kuniulia ndama."

Hakukosea. Kichanja kimefundishwa nchi nzima kwa sababu nzuri: mkojo unashuka, mavi yanapita kwenye mianya, ndama anakuwa msafi, na minyoo na koksidia, vijidudu vya utumbo vinavyoleta kuhara, wanapungua kwa kuwa hagusi uchafu wake. Kule kwenye joto, Tanga au Morogoro, ningekijenga hata mimi. Tatizo letu ni kwamba mianya ile ile inayoshusha mkojo inapandisha upepo. Nimeweka mkono chini ya tumbo la ndama nikasikia hewa inapita. Manyoya ya huko chini yalikuwa baridi. Hakuwa mchafu hata kidogo, ila alikuwa amesimama, mgongo umepinda, na maziwa ya jioni alikuwa ameyamaliza yote.

Hatukukivunja. Tumeshusha magunia upande wa upepo mpaka yakagusa ardhi, ili hewa isipite chini ya mbao. Juu ya mbao tumepanga mabua mazima kwa kukatiza mianya, juu ya mabua nyasi kavu tele. Nyasi nyingine zitadondoka, ndiyo, na itabidi kuongeza kila siku. Wajukuu wa mzee wamepewa kazi hiyo. Mzee amekubali kwa sharti kwamba Oktoba kichanja chake kinarudi kama kilivyokuwa.

Kwenye kaya nyingine walikwenda upande wa pili kabisa. Mama alizungushia kizimba turubai pande zote nne na juu, kwa huruma. Ndani kulikuwa na joto, na amonia ya kukutoa machozi, na ndama alikuwa anakohoa. Wale watafiti wa Wisconsin waligusia hili pia: ukuta kamili kati ya ndama na ndama ulisaidia, lakini kadiri kizimba kilivyozibwa pande nyingi ndivyo bakteria walivyoongezeka hewani. Tumefungua juu na mbele, tukaacha ubavu wa upepo na ukuta wa kutenganisha na jirani. Mama aliniuliza kama si kumrudishia mtoto baridi. Nikamwomba achuchumae na yeye anuse. Hakuuliza tena.

Walioweza wameongeza nusu lita ya maziwa kwa siku mpaka baridi ipungue.

20 Julai

Ndama wa maharage, yule wa alama 3, ameanza kuhara, na mavi yana damu. Afisa mifugo amekuja, amechukua sampuli, anashuku koksidia kwa umri wake na kwa hali ya malalo. Dawa imeanza jana.

Sifa za mabaki ya maharage zimekuwa na gharama yake. Ni laini, yanakumbatia joto, lakini yanakanyagika haraka yakawa mkeka, na chini ya mkeka huo kuna unyevu ambao huuoni kwa juu. Goti halikuugundua kwa kuwa tabaka la juu lilikuwa kavu. Mayai ya koksidia yanayotoka na mavi huhitaji unyevu na hewa ili yaweze kuambukiza, na chini ya mkeka vyote viwili vilikuwepo. Halafu kuna hili: maharage yanalika. Ndama anayejifunza kucheua anatafuna kilicho puani, na puani kuna malalo yaliyochanganyika na mavi yake. Mabua ya mahindi anayachezea tu, vumbi la mbao halimvutii sana, lakini maharage ni chakula.

Tumefanya mambo matatu leo. Malalo yote yametolewa hadi kwenye kokoto, sakafu imekaa wazi kwenye jua la mchana, yamewekwa mapya. Ndoo ya maji na nyasi za kula zimetundikwa ubaoni, kimo cha kifua cha ndama, kwa sababu zilikuwa chini na kila alichomwaga kilikuwa kinalowesha kona moja. Na utaratibu wa maharage umebadilika: kila asubuhi uma unaingizwa mpaka chini na malalo yanainuliwa na kutikiswa, chepechepe linatoka, kavu linarudi, jipya linaongezwa juu.

Kuhusu mabua yaliyonyeshewa shambani Aprili, tumekubaliana yasiingie. Yenye weusi, ukijivu au uwaridi ndani ya bua yana kuvu. Hata kama ndama anachezea tu, anatafuna, na sumu ya kuvu haihitaji wingi.

10 Agosti

Wenzetu wawili wamerudi kutoka maonyesho ya wakulima ya Nane Nane ya kanda pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Njiani walishuka Igurusi kwenye mashine za kukoboa mpunga wakapakia viroba vya maganda. Maganda ya mpunga ni mepesi, makavu, hayanuki. Tumeyajaribu siku chache. Hayanyonyi mkojo, yanaupitisha. Na ndama hawezi kujifukia, yanamkimbia. Kwa kusafirishwa kutoka huko Igurusi hadi hapa hayalipi. Aliyepata viroba ameyaweka chini ya mabua yaliyokatwa mahali pa kokoto, na hapo yanafanya kazi vizuri.

Kwa kuwa watu wanauliza ipi inakuza, niliwasomea matokeo ya Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, yaliyochapishwa 2004. Walichukua ndama majike 60 wa Holstein, aina ya ng'ombe wa maziwa, kwa siku 42 wakawalaza kwenye vitu vitano: vumbi la mawe ya matale (graniti), mchanga, maganda ya mpunga, majani marefu ya ngano na maranda ya mbao. Ukuaji haukutofautiana kwa aina ya malalo. Lakini juma la pili wa vumbi la mawe na mchanga walitibiwa kuhara mara nyingi zaidi, na wa majani ya ngano ndio waliohitaji antibiotiki kidogo kuliko wote. Majani ya ngano ndiyo yaliyokuwa na joto zaidi juu. Yalipokwisha kutumika, hayo hayo ndiyo yaliyokutwa na bakteria wengi wa kinyesi.

Kikao kikachachamaa. "Basi tunajisumbua bure, kama hakuna tofauti." Mimi naona vingine. Jaribio lile lilifanyika Agosti hadi Oktoba, kiangazi cha kule kinaishia. Arkansas ya Agosti si Njombe ya Julai. Mahali ambapo ndama hahitaji kujipasha joto, malalo yenye joto hayana cha kuokoa. Na wale walikuwa wanabadilishiwa malalo na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo, si na binti wa darasa la sita kabla hajaenda shule.

31 Agosti: tepi

Tumekuwa tukipima mzingo wa kifua kila baada ya majuma mawili, Jumamosi asubuhi kabla ya maziwa, ndama akiwa amesimama sawa kwa miguu minne, tepi nyuma ya miguu ya mbele. Mpimaji ni mmoja tu, kwa sababu wawili hawavuti tepi sawasawa. Tepi inakadiria uzito. Kwa ndama mdogo inaweza kukosea kilo kadhaa, kwa hiyo hatubishani juu ya tofauti ndogo.

Tunachokiona bila kubishana ni hiki. Ndama wa kichanja alikuwa amekwama mwanzo wa Julai, na tangu kichanja kizibwe chini na kutandikwa nyasi tepi yake inapanda kila kipimo. Wa maharage alirudi nyuma alipoumwa, sasa anafuatia. Kati ya mabua na maharage sioni tofauti ninayoweza kuitetea mbele ya watu.

Kilichonishangaza ni vumbi la mbao. Kaya mbili zinalitumia, limetoka lundo moja, lilianikwa kwenye turubai moja. Kwenye moja ndama ni miongoni mwa wanaokua vizuri kabisa, manyoya yanalala. Kwenye nyingine ndama yuko mkiani. Nilikwenda kwenye zote mbili siku moja. Kwa wa kwanza baba anaondoa chepechepe kwa beleshi kila asubuhi, anaongeza debe moja, na Julai yote aliweka nyasi kavu juu ya vumbi kwa sababu picha zilikuwa zinampa alama 1 na alichoka kuchekwa kwenye kundi. Kwa wa pili wanaongeza vumbi jipya juu ya lililolowa, wakingoja Jumapili watoe lote. Jumatatu na Jumanne ndama analala pakavu. Kuanzia Alhamisi ukipiga goti, maji yanachuruzika.

Tofauti kati ya kaya hizi mbili zenye kitu kimoja ni kubwa kuliko tofauti yoyote niliyoiona kati ya vumbi, mabua na maharage. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, mbele ya jedwali, ili atakayelifungua akitafuta "malalo bora" alikute kwanza. Ukavu wa chini, kina cha juu, mkono wa kila asubuhi; baada ya hapo chagua kilicho karibu na nyumba yako.

21 Septemba: samadi na hori

Kilicho karibu na nyumba nacho kina wadai wengine.

Mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe mkubwa kuanzia sasa mpaka mvua zinyeshe. Kumwambia mtu akate mabua amtandikie ndama huku mama yake ndama anapungukiwa ni kuchekesha. Ufumbuzi umetoka kwa mama wa kizimba cha turubai: ng'ombe anapewa mabua mazima horini, anakula majani na sehemu laini, anaacha vigogo. Vigogo hivyo vinakusanywa, vinaanikwa, vinapita kwenye mashine, vinakuwa malalo. Ng'ombe hajanyimwa na ndama ametandikiwa. Kaya tatu zimeshaiga.

Vumbi la mbao lina deni shambani. Kaboni yake ni mara mia kadhaa ya naitrojeni, wakati mabua ya mahindi ni kama 60 kwa 1. Samadi yenye vumbi jingi ikifukiwa mbichi kwenye viazi, vijidudu vya udongoni vinatumia naitrojeni iliyopo kumeng'enya vumbi, na viazi vinabaki na umanjano. Mwenye vumbi analazimika kurundika samadi, kuichanganya na mavi ya kuku au majani mabichi, kuigeuza, na kungoja miezi mingi. Wenye miparachichi hawaoni shida sana, wanaitandaza juu ya udongo kuzunguka miti kama matandazo bila kuifukia. Wa viazi wanaanza kuhama kwenda mabua. Sikuwashawishi, shamba limewashawishi.

Maharage yataendelea kutumika kwa ndama wa majuma mawili ya kwanza, wakati joto ndilo la muhimu na bado hajaanza kutafuna sana. Akianza kucheua anahamishwa.

12 Oktoba

Mzee amerudishiwa kichanja chake, magunia yameondolewa. Amebakiza mabua yaliyokatiza mianya upande mmoja, "kwa ajili ya ndama, si kwa ajili yako Katibu." Ndama analala upande huo.

Mvua za Novemba zikianza shida itahama kutoka baridi kwenda maji: paa zinazovuja, upepo unaoleta manyunyu, mabua yasiyokauka. Kwa hiyo malalo ya mwaka mzima yanawekwa sasa. Kila kaya imekubali kuhifadhi viroba vya vigogo vilivyokatwa juu ya dari ya banda, palipo pakavu, visiguse ukuta. Wasio na dari wanatumia stoo ya kikundi kwa zamu. Mashine ya kukatia itazunguka mpaka mwisho wa mwezi. Mafuta anatoa mwenye mabua.

Ng'ombe wawili wanatarajiwa kuzaa kabla ya Desemba. Tepi, kipimajoto na chupa ya iodini viko kwa mweka hazina. Ndama akidondoka usiku mpigieni simu hata saa nane, nyasi kavu zipo kwake.